Mti Migongoni mwa Vitabu

Watu wengine hukutana harusini, wengine husukumwa na ndugu mpaka wakakutana. Hawa wawili walikutana kwenye pipa la taka, saa saba mchana, ndani ya duka la fotokopi lililojaa wanafunzi wa chuo waliokuwa wakigombea mashine tatu, na katika hizo tatu moja ilikuwa mbovu.

Pipa lilikuwa la plastiki ya buluu, limejaa karatasi zilizoharibika: zilizotoka na mistari myeusi, zilizochapwa kombo, zilizotafunwa na mashine. Mwanamke aliinama akavuta rundo. Mkono wa mwanamume ukavuta rundo hilohilo kutoka upande wa pili.

"Samahani kaka," mwanamke akasema bila kuachia. "Hili pipa nimeahidiwa na mwenye duka. Kila Jumatano ni langu."

"Na mimi kaniahidi kila Jumatano, dada yangu. Basi mimi na wewe ni wake wenza."

Mwanamke hakuwa na desturi ya kucheka na watu asiowajua, lakini hapo kicheko kilimponyoka. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililofuliwa mpaka likawa halijulikani kama ni kijani au kijivu, na kwenye kucha zake palikuwa na gundi iliyokauka. Mwanamume alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, penseli nyuma ya sikio, na viatu ambavyo ukivitazama unajua vimetiwa soli mpya zaidi ya mara moja. Waligawana pipa kwa amani. Mwanamume alitaka zile ambazo upande mmoja ni mweupe, ili achore. Mwanamke alitaka yoyote, mradi iwe ngumu, kwa sababu yeye alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na kitabu kikishonwa hubandikwa vipande vya karatasi mgongoni kabla ya kuvishwa jalada. Hakuna anayeviona vipande hivyo, ndiyo maana mafundi hutumia karatasi kuukuu.

"Na wewe unachora nini?" akamuuliza.

"Mabomba," mwanamume akajibu. Na kweli alikuwa mchora ramani wa idara ya maji. Tangu siku hiyo jina lake likawa Bwana Mabomba.

Mwanamke naye kazini walimwita Bi Gundi. Karakana yake ilikuwa chini kabisa ya maktaba ya mji, chumba chenye dirisha moja lililokaa juu ya kichwa, ambalo lilimwonyesha miguu ya wapita njia na si nyuso zao. Alipenda kazi yake, hilo lazima lisemwe. Gundi aliipika mwenyewe kwa wanga, hakununua ya kopo, maana gundi ya wanga hubanduka mtu akiilowesha, na kitabu kinaweza kufunguliwa tena hata baada ya miaka. Makopo ya zamani aliyapeleka nyumbani akapanda maua na viungo dirishani. Vipande vya karatasi vilivyobaki alivishona daftari, na kila siku, katika kitabu alichokuwa akikitengeneza, alisoma ukurasa mmoja, akachagua sentensi moja iliyomgusa, akainakili humo. Hiyo ndiyo iliyokuwa anasa yake.

Lakini jioni alirudi kwenye chumba ambacho hakuna aliyemuuliza siku imekwendaje. Mumewe aliondoka miaka saba iliyopita. Katika nyumba ya bwana yule alijifunza mapema kwamba neno huzaa ugomvi, kwa hiyo akawa hasemi, na mwaka wa tano mume akafunga sanduku akasema nyumba imepooza mno. Alinyamaza kwa ajili yake, naye akaachwa kwa ajili ya kunyamaza. Kuanzia hapo, siku nyingine zilipita ulimi wake umetumika mara nne tu: shikamoo kwa Mkuu wa maktaba, asante kwa mwenye duka, na maneno mawili kwa mimea.

Sasa akaja Bwana Mabomba. Wiki iliyofuata hakuja dukani kugombea pipa. Alikuja maktaba moja kwa moja, Ijumaa, na furushi la karatasi kuukuu kutoka ofisini kwake, limefungwa kwa kamba ya katani, upande uliochapwa ukiwa juu. Ijumaa nyingine tena, na nyingine. Kwa kuwa karakana haikuwa na kiti cha wageni, walitoka kutembea kwenye bustani iliyo nyuma ya maktaba mpaka saa ya chakula iishe. Alimfundisha kutazama miti. Akamwambia miti hujua bomba linavuja wapi kabla ya ofisi yao kujua, maana mizizi hulifuata tone la maji hata chini ya barabara, na kwamba ramani zake bora amezirekebisha kwa kutazama wapi majani yamenawiri kiangazi. Mwanamke naye alimsomea sentensi ya siku. Bwana Mabomba alikiri kwamba tangu amalize shule hajasoma kitabu hata kimoja, akaona aibu, na mwanamke akampenda kwa aibu ile.

Ikawa kila jioni saa moja simu inalia.

"Haya, Bi Gundi wangu. Leo tumesoma nini?"

"Leo ni kitabu cha ufugaji wa nyuki. Kinasema nyuki mzee hutumwa mbali kuliko nyuki kijana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu akipotea hasara ni ndogo."

"Mimi nina miaka arobaini na nne. Unanitisha."

"Wewe hupotei. Una ramani."

Bi Gundi alikuwa akikata simu huku akitabasamu, kisha anaketi kwenye kitanda na kuogopa. Mtu aliyezoea njaa akipewa sahani huanza kwa kutafuta nani ataiondoa.

Mambo yake mwenyewe Bwana Mabomba hakuyasema sana. Alisema anaishi peke yake katika nyumba ya marehemu mama yake, kwamba mama alifariki mwaka jana baada ya kuugua kitandani muda mrefu, na kwamba yeye ndiye aliyemuuguza. Mwanamke hakudadisi. Alidhani kutodadisi ni heshima.

Mwezi wa nne wa urafiki wao, idara ya maji ikamtuma Bwana Mabomba mji mwingine kwa karibu wiki tatu, kupima mabomba yaliyozikwa na watu ambao wameshakufa wote. Ijumaa ya kuondoka alipita maktaba, lakini Bi Gundi alikuwa juu, kwenye kikao na Mkuu. Akaacha furushi mahali pale pale pa siku zote, kando ya mashine ya kukatia karatasi, akaenda zake.

Wiki hiyo paa la maktaba lilikuwa limevuja, na vitabu arobaini na vitatu vilikuwa vimeng'oka migongo. Bi Gundi alilifungua furushi, akaona fomu za ofisi kama kawaida, zaidi ya mia mbili, akaziweka kwenye mashine zote kwa pamoja, akakandamiza. Vikatoka vipande vya upana wa vidole viwili. Upande wa nyuma palikuwa na mistari ya penseli, lakini ile mistari alishaizoea. Kila furushi la Bwana Mabomba lilikuwa na mabomba nyuma.

Jioni ile simu ikalia.

"Umeuona mzigo wangu?"

"Nimeuona. Asante sana."

Bwana Mabomba akangoja. Alingoja mpaka mwanamke akadhani mtandao umekatika.

"Huna la kuniambia?"

Bi Gundi akafikiri anatakiwa maneno matamu, na maneno matamu hayakuwa fani yake. Akamwambia asafiri salama, avae sweta, huko anakokwenda kuna baridi. Mwanamume akacheka kidogo, kicheko kisicho na mtu ndani, akasema usiku mwema.

Tangu hapo mambo yakabadilika. Simu ya kila jioni ikawa ya siku moja kupita moja. Hakuuliza tena wamesoma nini. Kisha zikabaki jumbe: "Nimechoka leo." "Kazi nyingi." Bi Gundi alizitazama herufi hizo kwenye kioo cha simu mpaka taa ikazimika yenyewe. Angeweza kumuuliza, "Nimekukosea nini?" Maneno mawili tu. Lakini aliogopa kuuliza, maana anayeuliza hujibiwa. Akajisemea moyoni kwamba ndivyo ilivyo, kwamba naye ameona nyumba imepooza. Akashona vitabu vyake, kimoja baada ya kingine, akavibandika migongo, akavivisha majalada, akavirudisha juu kwenye rafu.

Siku ya kumi na tatu alibakiwa na kitabu kimoja. Akachukua kipande, akakigeuza kupaka gundi, na macho yake yakaangukia maandishi madogo yaliyokwenda kando ya ukingo. "Jumanne. Majani yamepukutika upande wa kushoto. Mama amecheka."

Aliweka brashi chini. Kwenye kasha palibaki vipande vya kutosha karatasi kama sitini, akavimwaga mezani, akaanza kuvipanga upande wa nyuma. Mistari ikakutana na mistari. Hayakuwa mabomba. Palitokea fremu ya dirisha, nondo tatu, na nyuma ya nondo mti mmoja mkubwa wenye uma katikati ya shina. Akapanga karatasi nyingine: dirisha lile lile, mti ule ule, siku nyingine. Mti wenye maua. Mti wenye mvua. Mti wenye ndege wawili waliochorwa kwa subira, unyoya kwa unyoya. Kila mchoro ulikuwa na siku na sentensi moja. Na kwenye mmoja palikuwa pameandikwa: "Mama hawezi tena kugeuka dirishani. Kuanzia leo namchorea anachokikosa."

Bi Gundi alikaa sakafuni. Akakumbuka jinsi mwanamume alivyongoja kwenye simu, na jinsi yeye alivyomjibu habari za sweta.

Jioni ile ile, kwa bahati mbaya, Bwana Mabomba alipiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu tena. Alimuuliza habari za kazi. Hapo ndipo pa kusema, na mwanamke alilijua hilo, alifungua hata mdomo. "Salama tu," akasema. Kesho yake pia akasema salama tu. Siku ya tatu vilevile. Ilikuwa rahisi mno. Ulimi wake ulishajua njia.

Jumapili dada yake mkubwa alipiga, kama alivyopiga kila Jumapili, na safari hii mdogo wake akalia. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa kusema mambo mara moja.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Umeziharibu kwa bahati mbaya, hilo ni kosa la mkono. Lakini kila siku unayonyamaza unaongeza kosa la moyo. Mwambie."

"Ataniacha."

"Anaweza. Ila ukinyamaza atamwacha mtu asiyemjua, na wewe utakuwa hata hujaachwa vizuri."

Akaamua kumwambia ana kwa ana. Bwana Mabomba alirudi Jumanne, akaja karakana saa tisa, amevaa shati la buluu ambalo mwanamke hajawahi kuliona, amenyolewa vizuri. Inaonekana njiani alikuwa amezungumza na moyo wake, akajisamehe na kumsamehe, maana alianza yeye. Alisema labda alikosea kuacha kitu kama kile bila neno. Hajawahi kumwonyesha mtu yeyote, hata ndugu zake. Alitaka Bi Gundi azigeuze karatasi mwenyewe, azione mwenyewe, bila kuambiwa ni nini.

"Nilitaka unijalidie ziwe kitabu kimoja," akasema. "Halafu nikuulize kama tunaweza kukaa nyumba moja, mimi na wewe na hicho kitabu. Wewe ukaniambia nivae sweta."

Bi Gundi alishika ukingo wa meza.

"Sikugeuza," akasema. "Nilidhani ni karatasi za siku zote. Nimezikata. Nimezibandika migongoni mwa vitabu. Vitabu arobaini na viwili."

Akamwonyesha vipande vilivyobaki, amevipanga kwenye ubao, na nafasi tupu kila mahali. Mwanamume aliviinamia. Aligusa kimoja kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima chuma iwapo bado ni cha moto. Kisha akaeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mti wenyewe haupo tena. Jirani aliukata mwezi uliofuata baada ya mazishi ili ajenge ukuta. Kwa hiyo kurudia kuchora hakuwezekani.

"Umejua lini?" akauliza.

"Siku sita zilizopita."

"Siku sita. Na mimi nikipiga unaniambia salama tu."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Bi Gundi hakuwa na kitu cha kumpa isipokuwa karatasi moja, orodha ya majina ya vile vitabu arobaini na viwili, aliyoinakili kutoka daftari lake la kazi. Mwanamume aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akapanda ngazi. Kupitia lile dirisha la juu, viatu vyake vyenye soli mpya vilionekana vikipita, kisha havikuonekana tena.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na huyu alikuja na kuhamia kabisa. Simu ya saa moja haikulia. Mwanamke akajikuta anaiweka juu ya meza saa moja kasoro, kwa mazoea, kisha anaondoka kwenda kumwagilia mimea ambayo ameshaimwagilia. Aliacha kunakili sentensi, maana hakuna wa kumsomea. Kumbe miaka saba alizinakili bila kumsomea mtu na hakuona shida. Sasa zilimkaa kooni.

Wiki ya pili alikwenda kwa Mkuu. Huyu alikuwa mama mrefu, miwani imening'inia shingoni, mwenye kusema kila jambo kwa sauti ya chini kana kwamba mji mzima umelala. Bi Gundi alimweleza yote, akaomba ruhusa ya kuifungua tena migongo ile, kwa muda wake mwenyewe, saa ya chakula na baada ya kazi. Mkuu akamkumbusha kwamba kitabu kinachofunguliwa mara mbili huchoka. Akainua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Gundi yako inabanduka?"

"Ni ya wanga. Kitambaa chenye maji ya vuguvugu, dakika kumi."

"Basi usinivunjie hata kimoja."

Akaanza. Alikifunua kitabu jalada, akaulaza mgongo juu, akaufunika kwa kitambaa kibichi, akangoja, kisha akachokonoa kwa kisu cha mfupa, taratibu, kipande kikainuka kizima. Penseli haiogopi maji. Karatasi ililegea na kukunjamana, lakini tawi lilibaki tawi. Akakausha, akatafuta kipande kinakokwenda, akaunganisha kwa nyuma kwa karatasi nyembamba. Siku nzuri alipata michoro minne. Ndivyo alivyoujua mwaka mzima wa nyumba asiyowahi kuingia: siku ambayo mama alikataa dawa, siku aliyoimba, siku alizomwita mwanawe kwa jina la baba yake. Karatasi ya mwisho haikuwa na mti. Ilikuwa na tarehe tu juu, na chini yake weupe. Bi Gundi alikuwa ameikata hata hiyo. Aliiunganisha kwa uangalifu kuliko zote.

Mwishoni mwa mwezi vitabu thelathini vilikuwa vimefunguliwa na kufungwa tena. Akapanda mpaka kaunta kuuliza vilivyobaki vimeazimwa na nani. Mkuu alifungua daftari la kuazimisha, akapitisha kidole.

"Tisa wanavyo watu mbalimbali. Vitatu anavyo yule bwana wako."

"Bwana wangu?"

"Mchora ramani. Amejiandikisha wiki tatu zilizopita. Anaazima vitatu, anarudisha, anachukua vitatu vingine, anafuata orodha aliyo nayo mfukoni. Mwanzoni nilidhani anataka kuvichana, nikamkagua. Hajaharibu hata ukurasa. Anavisoma tu. Juzi kaniuliza kama kuna kitabu kingine cha nyuki."

"Na mimi hakuniulizia?"

"Kila akija huuliza kama uko chini. Nikimwambia uko, anakaa kidogo pale kwenye kiti, halafu anaondoka."

Bi Gundi alikitazama kiti. Kilikuwa juu kabisa ya karakana yake. Muda wote ule, yeye akilowesha migongo chini, mwenzake alikuwa ameketi juu ya kichwa chake, na kati yao sakafu moja na vinywa viwili vilivyofungwa.

Hakungoja kesho. Alirudi chini, akaweka michoro mia moja na sabini kwenye kasha, akavua aproni, akapaka mafuta mikono iliyochubuka kwa maji, akauliza njia mpaka akafika.

Nyumba ilikuwa ndogo, safi, yenye ukimya anaoufahamu. Bwana Mabomba alifungua mlango na kitabu mkononi, kidole kikiwa katikati ya kurasa. Alikuwa amekonda. Alimkaribisha, akampa kiti, akamletea maji, yote kwa adabu iliyoumiza. Mwanamke aliweka kasha juu ya meza na hakulifungua.

"Kabla hujatazama, nataka niseme," akaanza. "Nikinyamaza sasa hivi nitanyamaza maisha yangu yote. Nilikuficha siku sita. Si kwa sababu mambo yako ni madogo kwangu. Niliogopa utaondoka, na mimi nikiogopa nafunga mdomo, ndivyo nilivyoishi. Hata ulipopunguza kupiga simu sikukuuliza, nilikaa nikasubiri kuachwa. Nakupenda. Ningekwambia hivyo siku ile uliponiuliza kama sina la kukuambia. Nikasema sweta."

Mwanamume aliweka kitabu chini. Alilifungua kasha, akatoa karatasi moja moja, akazitazama zote, na hilo lilichukua muda mrefu. Mwanga wa dirishani ulisogea kutoka meza hadi ukutani. Nyingine zilikuwa nzima. Nyingine zilikuwa na pengo katikati, mti umekatika kiuno. Alipofika kwenye ile yenye tarehe peke yake, alifunika macho kwa mkono.

"Hazijatimia," Bi Gundi akasema. "Vitabu kumi na viwili bado. Vikirudi nitavifungua."

"Viache." Alifuta uso. "Mama hakupenda kukaa ndani. Mwaka mzima aliniomba nimtoe hata mpaka barabarani, sikuweza, alikuwa mzito na mimi niko peke yangu. Acha aende kwenye nyumba za watu."

Akazipanga karatasi upya ndani ya kasha. Kisha akasema jambo lililokuwa limemsumbua. Kukatwa kwa karatasi kulimuuma, lakini alikwisha kuelewa kabla hajamaliza kupanda ngazi siku ile. Hata yeye angezikata. Lililomshinda ni zile wiki karibu tatu mjini kwa watu, akiamini mwanamke ameona kila kitu na hana la kusema. Na akajilaumu pia, maana angeweza kuuliza, naye hakuuliza.

"Sijui kama nimekwisha kukusamehe," akasema. "Sitaki kukudanganya."

"Sawa."

"Lakini usininyamazie. Nitusi, kama ni lazima. Mimi nikiwa humu ndani peke yangu, ukimya nimeshiba."

Hawakukumbatiana. Alimsindikiza mpaka barabarani, na pale akamuuliza kama anaweza kumpigia asubuhi badala ya jioni, kwa sababu asubuhi ndiyo iliyokuwa saa ya kuchora, na tangu mama afariki hajui aifanyie nini saa hiyo.

"Utaniambia nini?"

"Ninachokiona dirishani."

"Na kama hakuna kitu?"

"Nitakuambia hakuna kitu."

Kesho yake alipiga saa kumi na mbili na nusu. Alikuwa amefungua chumba cha mama kwa mara ya kwanza, sauti yake ikirudi kutoka kwenye kuta tupu. Alisema anaona ukuta wa jirani, haujapigwa lipu. Bi Gundi alisema yeye anaona paa la bati na nguo za mtu. Siku nyingine kulikuwa na paka juu ya ukuta. Siku nyingine mjusi. Siku nyingine mwanamume alishindwa kusema, na mwanamke akasema kwa wote wawili, akamwelezea kopo moja moja dirishani kwake, lipi limechipua, lipi limenuna. Alikuwa akiongea hovyo, kwa kupoteza pumzi, mtu aliyekuwa akitumia ulimi mara nne kwa siku. Ijumaa walitembea bustanini kama zamani. Wakati mwingine walishikana mikono, wakati mwingine huzuni ilimrudia mwanamume akatembea mbele kidogo, naye akamwacha, lakini hakuacha kuongea.

Miezi ikapita hivyo. Vitabu vikaenda na kurudi. Asubuhi moja ya baridi simu ikalia dakika kumi kabla ya wakati wake.

"Unaona nini?" mwanamke akauliza.

"Ukuta."

"Na nini?"

"Ukuta tu. Nimekwisha kukusamehe, Bi Gundi, sijui tangu lini, nimegundua sasa hivi nikipika chai. Nimechoka kuutazama huu ukuta peke yangu." Akakohoa. "Mama mdogo ananiuliza nimtume kwa nani. Anasema hawezi kwenda kuposa kwenye karakana."

Bi Gundi alikuwa amesimama katikati ya chumba, miguu mitupu, kopo la maji mkononi. Mazoea ya zamani yalimwambia angoje, apime, asiseme neno lililo zito kuliko la mwenzake. Alisikia pumzi ya mwanamume upande wa pili, anavyosubiri.

"Kwa dada yangu mkubwa," akasema. "Aje Jumapili mchana, na aje amejiandaa, dada ni mkali." Kisha akaketi kitandani, na machozi yakamtoka akiwa bado anasema. "Na mimi nimechoka, mpenzi wangu. Nimechoka miaka saba."